Uponyaji wa Moyo na Riziki ya Nyumbani: Mafunzo ya Rwanda Baada ya 1994

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi wa Rwanda yalianza tarehe 7 Aprili 1994 na yakaendelea kwa takriban siku 100. Makadirio mengi ya waliouawa yanaanzia watu 800,000 na kupita milioni moja, wakiwemo Wahutu waliokataa kushiriki. Wanajeshi na wanamgambo wa Interahamwe ndio walioongoza, lakini katika vijiji vingi aliyeshika panga alikuwa mtu anayejulikana kwa jina: jirani wa shamba la pili, mwalimu wa watoto, muumini wa kanisa hilo hilo. Mauaji yalipokwisha mwezi Julai, waliobaki hawakuwa na pa kwenda isipokuwa kwenye milima ile ile walikokuwa wakiishi. Mjane na mke wa aliyemuua mumewe wakawa wanakutana kisimani, sokoni na kwenye foleni ya zahanati. Kwa hiyo kazi ya kuponya watu haikuweza kuachiwa hospitali wala mahakama peke yake. Ililazimika kufanyika kijijini, kati ya watu wanaoogopana, na wengi wao wakiwa hawajui kesho watakula nini.

Wataalamu wa maradhi ya akili walikuwa karibu hawapo kabisa. Hospitali ya Ndera, nje kidogo ya Kigali, ambayo ndiyo iliyokuwa tegemeo la nchi kwa wagonjwa wa akili, ilivamiwa Aprili 1994, na wagonjwa wakauawa pamoja na watu waliokuwa wamekimbilia humo. Daktari Naasson Munyandamutsa, aliyepata mafunzo yake Geneva, alirejea nyumbani na kwa muda akawa daktari pekee wa magonjwa ya akili katika nchi nzima. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1995 kwa watoto 3,030 ulionyesha kwamba tisa katika kila kumi waliwahi kuamini kuwa wao wenyewe watauawa. Daktari mmoja kwa taifa zima lenye kiwewe: hapo hapahitaji maelezo marefu kwa nini watu walianza kutibiana wenyewe kabla ya yeyote kuwafundisha namna ya kufanya hivyo.

Wajane ndio waliotangulia. Miongoni mwao alikuwa Esther Mujawayo, msomi wa sosholojia, aliyepoteza mume, wazazi na ndugu wengi, akabaki na binti zake watatu. Kitabu chake SurVivantes, alichokiandika kwa Kifaransa pamoja na Souâd Belhaddad na kuchapishwa mwaka 2004, ni moja ya kumbukumbu muhimu za kipindi hicho. Kinachojitokeza ndani yake ni upweke wa aina ya pekee. Aliyenusurika alikuta watu wengi hawataki kusikia. Waliorejea kutoka uhamishoni walikuwa na furaha ya kuiona nchi yao na shughuli za kuijenga upya, wageni wa mashirika walikuwa na fomu za kujaza, na simulizi zenyewe zilikuwa nzito mno kwa sikio la mtu ambaye hayakumpata. Wajane wakaanza kukutana wao kwa wao. Walilia, wakasimuliana, wakanyamaza pamoja, na kuna nyakati walicheka, jambo ambalo mtu wa nje angelishangaa. Hakuna aliyelazimika kueleza kwa nini anaogopa mlio wa filimbi au kwa nini hapiti tena njia fulani.

Januari 1995 wajane wapatao 50 waliunda chama chao, AVEGA-Agahozo. Historia ya chama hicho inafaa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu inaonyesha jinsi kilio na riziki vilivyofungamana tangu siku za kwanza. Wanawake waliokuja kulia walikuwa wamelala nje. Nyumba zao zilibomolewa hadi msingi, mabati yakachukuliwa, ng'ombe wakachinjwa. Walikuwa na watoto wao na watoto wa marehemu dada, kaka na majirani. Baada ya machozi, mazungumzo yaligeukia paa, ada za shule, jembe na mbegu, kisha yakarudi kwenye machozi. Chama kikajikuta kinafanya yote mawili: kikawafunza baadhi ya wanachama wake kuwa washauri wa wenzao, na kikatafuta fedha za kujenga nyumba na kuanzisha miradi midogo.

Jambo moja halikuweza kutatuliwa kwa mradi wowote. Kwa mila, ardhi ilipita upande wa wanaume, na mjane aliyefiwa na mume pamoja na watoto wa kiume angeweza kufukuzwa shambani na shemeji aliyetokea uhamishoni. Mjane anayelala akiwaza kwamba kesho atafukuzwa hatibiki kwa ushauri nasaha. AVEGA na vyama vingine vya wanawake vilipigania mabadiliko, na mwaka 1999 ikapitishwa sheria ya mali za ndoa na urithi, iliyompa mtoto wa kike haki ya kurithi sawa na wa kiume. Ni nadra sheria ya mirathi kutajwa katika vitabu vya tiba ya kiwewe. Kwa maelfu ya wanawake wa Rwanda, sheria ile ilikuwa sehemu ya tiba yao.

Jambo la pili lilikuwa chungu zaidi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1996 ilikadiria kuwa wanawake kati ya 250,000 na 500,000 walibakwa wakati wa mauaji. AVEGA ilipowapima wanachama wake 1,125 waliobakwa, takriban theluthi mbili walikutwa na virusi vya UKIMWI. Dawa za kufubaza virusi zilikuwapo duniani, ila hazikuwafikia. Wakati huo huo watuhumiwa wakuu waliokuwa wakisubiri kesi zao katika mahakama ya kimataifa mjini Arusha, Tanzania, walipata matibabu kamili gerezani, huku mashahidi waliosafiri kutoka Rwanda kwenda kusimulia walivyobakwa wakirudi nyumbani kufa. Wajane walilipigia kelele jambo hilo kwa miaka, na walikuwa na haki. Vikundi vya kusaidiana kimoyo vilianza kugeuka vikundi vya kuzikana. Ni baada ya dawa kuanza kupatikana kwa upana, katikati ya miaka ya 2000, ndipo wanachama wengi walipopata nguvu ya kulima, kusuka na kuhudhuria mikutano tena.

Wanafunzi walipata njia yao wenyewe. Oktoba 1996, katika Chuo Kikuu cha Taifa mjini Butare, wanafunzi 12 walionusurika walianzisha chama kilichojulikana kama AERG. Wengi wa waliojiunga nao hawakuwa na mzazi, wala nyumba ya kurudi wakati wa likizo. Chama kikabuni utaratibu wa familia: wanachama waligawanywa katika makundi madogo, na kila kundi likamchagua mmoja wao kuwa baba na mwingine kuwa mama. Mara nyingi baba huyo alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, naye kafiwa kama wanawe.

Ingekuwa rahisi kuuona mpango huu kama mchezo wa watoto, lakini familia hizo zilibeba mambo mazito. Mama wa familia alijua nani hakuonekana kwenye chakula cha jioni, na alimfuata bwenini. Baba aliuliza matokeo ya mitihani na kukemea uvivu. Mwanafunzi alipolazwa hospitalini, familia ilipanga zamu za kumpelekea uji. Likizo ilipofika walitafuta wa kumpokea asiye na kwao. Na siku binti wa familia alipochumbiwa, baba na mama zake wa chuoni walikaa mbele ya wajumbe wa upande wa mwanamume wakajadili mahari, wakampeleka mtoto wao kanisani kama wazazi wowote wale. Utaratibu huo ulienea hadi shule za sekondari, na waliohitimu wakaunda chama chao, GAERG, mwaka 2003, ili familia zisivunjike baada ya shahada. Wapo waliomaliza chuo zamani ambao mpaka leo watoto wao wanawaita babu na bibi watu walioitwa baba na mama pale Butare. Hakuna mtaalamu aliyebuni jambo hili, na ni shida kufikiria mtaalamu ambaye angelibuni vizuri zaidi.

Vyama vya wajane na vya wanafunzi viliwakutanisha watu wenye jeraha la aina moja. Swali gumu zaidi lilibaki mlimani, ambako aliyenusurika na familia ya muuaji walikuwa wakiishi mlango kwa mlango. Magereza yalijaa watuhumiwa wa mauaji hayo zaidi ya 100,000, na mahakama za kawaida zisingemaliza kesi zao kwa miongo kadhaa. Serikali ikafufua gacaca, baraza la zamani la kusuluhisha kwenye majani, likapewa sura ya mahakama. Majaribio yalianza mwaka 2002, mabaraza yakaenea nchi nzima mwaka 2005, na yalipofungwa Juni 2012 yalikuwa yamesikiliza kesi zinazokaribia milioni mbili. Mengi yalijulikana kwa njia hiyo, hasa mahali maiti zilipotupwa, na familia nyingi zikaweza kuzika.

Lakini kusema ukweli hadharani na kupona ni mambo mawili. Mtafiti Karen Brounéus, katika uchunguzi wake uliotolewa mwaka 2010 na kuhusisha Wanyarwanda 1,200, alikuta waliotoa ushahidi kwenye gacaca wakiwa na sonona na kiwewe zaidi ya ambao hawakutoa. Mjane alisimama mbele ya kijiji kizima, akataja aliyoyaona, akaulizwa maswali na ndugu za mtuhumiwa, kisha akarudi peke yake kwenye nyumba iliyo jirani na watu hao hao. Baadhi walitishwa, wengine waliuawa. Gacaca ilikuwa mahakama, na mahakama haina wajibu wa kumsindikiza shahidi nyumbani wala kumuuliza wiki inayofuata kama amelala.

Pengo hilo ndilo lililozibwa, kwa kiasi fulani, na mpango ulioanza mwaka 2005 katika dayosisi ya Kianglikana ya Byumba, kaskazini mwa nchi. Byumba ilikuwa na majeraha ya tabaka kwa tabaka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya tangu 1990 viliwahamisha wakazi wake kabla hata ya mauaji ya kimbari, wengi wakaishi miaka kwenye kambi za wahamiaji wa ndani. Palikuwa na manusura, wake wa wafungwa, wafungwa walioachiliwa, waliorejea kutoka Uganda, na wanajeshi wa zamani, kila kundi likiwa na huzuni yake na likiamini huzuni ya wengine ni ndogo. Mtaalamu wa Kiholanzi, Cora Dekker, alileta mbinu iitwayo sosioterapia, ambayo mizizi yake iko katika hospitali za kijeshi za Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambako wagonjwa walishirikishwa katika kutibiana wodini. Wenyeji waliichukua, wakaibadilisha ifae maisha ya mlimani, na wakaipa jina la Kinyarwanda, Mvura Nkuvure, yaani niponye nami nikuponye.

Utaratibu wake ni mwepesi kueleza. Watu 10 hadi 15 wa eneo moja hukutana mara moja kwa wiki, kwa muda wa saa tatu hivi, wiki 15 mfululizo. Waongozaji ni wawili, nao ni watu wa hapo hapo: mwalimu wa shule ya msingi, mzee wa kanisa, mama wa chama cha akiba. Hatua ni sita, zikifuatana: usalama, kuaminiana, kujaliana, kuheshimiana, kuweka kanuni mpya za maisha, na mwisho kumbukumbu. Mpangilio huu una hekima kubwa ndani yake. Katika baadhi ya matibabu ya kiwewe mtu huombwa asimulie yaliyompata mapema. Hapa yaliyopita huachwa hadi wiki za mwisho, na hata hapo hakuna anayelazimishwa kuyagusa. Wiki za mwanzo ni za mambo ya leo: mbuzi aliyeingia shamba la mwenzake, mume mlevi, mtoto asiyetaka shule, jirani asiyeitikia salamu.

Kikao chenyewe hufanyika darasani baada ya masomo, kwenye ukumbi wa kanisa au chini ya mti. Mabenchi hupangwa duara na meza huondolewa. Siku ya kwanza duara hilo hujigawa lenyewe: manusura hukaa kwa manusura, wake wa wafungwa huketi karibu na mlango, na macho ya wengi huwa sakafuni. Mwongozaji hasemi lolote kuhusu mgawanyiko huo. Huanza na mchezo unaowalazimu watu kubadilishana nafasi, kama kurushiana mpira wa majani ya mgomba na kutaja jina la anayerushiwa. Watu waliokwepana kwa miaka hujikuta wakitajana majina. Kisha kikundi hutunga kanuni zake: kinachosemwa hapa hakitoki, anayesema hakatizwi, anayelia haambiwi anyamaze. Kanuni hizo ni zao, na anayezivunja huulizwa na wenzake, si na mwongozaji.

Mabadiliko hujitokeza kwanza nje ya duara. Katika wiki za kujaliana, mwanachama asiyefika hutembelewa. Akikutwa mgonjwa, wenzake humletea kuni na kumlimia kipande chake cha maharagwe. Ni hapo, jembe mkononi, ambapo mke wa mfungwa anaweza kwa mara ya kwanza kuingia ua wa mjane. Salamu hurudi, kisha kuazimana chumvi, kisha kualikana kwenye ubatizo. Wakati hatua ya kumbukumbu inapofika, anayesimulia anasimulia kwa watu waliomlimia. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2011 ulilinganisha washiriki wa Byumba na watu wa eneo hilo ambao hawakushiriki: hali ya akili ya washiriki iliboreka, na miezi minane baada ya vikao kwisha nafuu hiyo ilikuwa bado ipo.

Wiki ya 15 ilipopita, vikundi vingi vilikataa kuvunjika, na hapo suala la riziki likaingia kwa nguvu mpya. Wanachama waliunda vyama vya kuweka na kukopa vinavyoitwa ibimina, sawa na vikoba vya Tanzania na vyama vya akina mama wa Kenya. Kila mmoja huleta hisa yake siku ya kikao, fedha huhesabiwa mbele ya wote kwa sauti, kiasi kidogo hutengwa kwa ajili ya misiba na magonjwa, zinazobaki hukopeshwa. Baadhi ya vyama hutumia kisanduku cha chuma chenye makufuli matatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti, ili kisifunguliwe ila wote wawepo. Katika kijiji cha Rwanda, mjane na mtu aliyetoka gerezani wanaposhika funguo mbili za kisanduku kimoja, imani imetoka mdomoni ikaingia mkononi.

Uzoefu wa vikundi hivyo unatoa fundisho ambalo mashirika ya misaada yamelipuuza mara nyingi. Kikundi kilichoanza na fedha za mfadhili, watu wakiitwa kuja kupokea mbuzi au mtaji, huwa na wanachama wengi siku ya mgao na wachache baada yake. Kilichoanza na vikao, kikafikia akiba kwa uamuzi wake, huwa na madeni machache yasiyolipwa na ugomvi unaomalizika. Hata hivyo si haki kuigeuza hiyo kuwa sheria. Wajane wa 1995 wasingeweza kungoja wiki 15 kabla ya kupata paa, na mwenye virusi asingeweza kungoja kuaminiana kabla ya kupata dawa. Kilichofanya AVEGA, familia za AERG na vikundi vya Byumba vifanane ni kwamba wenye jeraha wenyewe ndio walioamua kipi kianze. Pale ambapo uamuzi huo ulichukuliwa na watu wa mbali, matokeo yanaonekana mpaka leo: nyumba nyingi za manusura zilizojengwa harakaharaka katika miaka ya kwanza, bila wao kuulizwa, ziliharibika mapema na zikahitaji kukarabatiwa au kujengwa upya.

Kazi ya mikono ilikuwa na nafasi ya pekee katika uponyaji. Kusuka kapu la agaseke, lenye kifuniko kilichochongoka, ni ufundi ambao wanawake wa Rwanda wamerithishana tangu zamani. Baada ya mauaji, wasukaji wa pande zote walianza kukaa pamoja, na mwaka 2005 makapu yao yakaanza kuuzwa katika maduka ya Macy's nchini Marekani. Fedha zilisomesha watoto. Lakini walioketi na wasukaji wanaeleza pia faida nyingine: vidole vinapokuwa na kazi, macho hayalazimiki kukutana, na neno zito linaweza kusemwa polepole kati ya mzunguko mmoja wa uzi na mwingine, au lisisemwe.

Huko Maraba, karibu na Butare, wakulima wa kahawa waliunda ushirika wa Abahuzamugambi mwaka 1999, wajane na mayatima wakiwa miongoni mwa wanachama wake. Kahawa yao iliyokuwa ikiuzwa kwa bei ya kutupa iliboreshwa baada ya kupata kituo cha kuosha na kumenya buni mwaka 2001, na miaka miwili baadaye ilikuwa ikiuzwa katika maduka makubwa ya Uingereza. Kahawa iliyoiva haisubiri. Ikivunwa asubuhi lazima ifike kituoni siku hiyo hiyo, ioshwe, ianikwe kwenye vichanja na kuchambuliwa punje kwa punje. Kazi hiyo huwakalisha watu upande huu na upande ule wa kichanja kwa siku nyingi, na mtu asiyemsemesha mwenzake hawezi kuifanya vizuri.

Mwaka 2006 serikali ilianzisha Girinka, mpango wa kuipa kila familia maskini ng'ombe mmoja, kwa sharti kwamba ndama jike wa kwanza apewe jirani mwingine. Kupeana ng'ombe kulikuwa fungamano la urafiki Rwanda tangu enzi za wafalme, na aliyepewa hakumgeuka aliyempa. Ndama aliyetoka zizi la manusura akaingia zizi la aliyetumikia kifungo, au kinyume chake, alileta maziwa na mbolea, na pia alileta sababu ya kutembeleana. Palitokea upendeleo katika ugawaji na baadhi ya viongozi wa vijiji waliadhibiwa kwa kuuza nafasi. Hilo halikuondoa thamani ya wazo lenyewe.

Mipaka ya haya yote lazima isemwe wazi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili wa mwaka 2018 ulikuta sonona kwa asilimia 12 ya watu wote na asilimia 35 ya manusura. Kiwewe sugu kilikuwa asilimia 3.6 kwa watu wote na takriban 28 kwa manusura. Hiyo ni robo karne baada ya tukio. Kila Aprili, katika wiki ya kumbukumbu, wapo wanaopiga kelele na kuanguka uwanjani, wakiona tena yale waliyoyaona, na wahudumu wa kujitolea hukaa tayari na magodoro na maji. Hospitali na dawa zinahitajika, na duara la mabenchi haliwezi kuchukua nafasi yake. Pia yapo majeraha ambayo hayana nafasi hadharani, kama ya Wahutu waliopoteza ndugu katika vita vya kabla na baada ya 1994, na ambao huzuni yao haina siku wala kaburi linalojulikana. Vikundi vidogo vya kijijini vimekuwa mojawapo ya mahali pachache ambapo huzuni hiyo iliweza kutajwa kwa sauti ya chini, bila kulinganishwa na ya mwingine.

Na msamaha haukuwa sharti. Jambo hili hupotoshwa sana na wageni wanaopenda picha ya mjane akimkumbatia muuaji. Wapo waliosamehe, na ni wengi; wapo ambao hawakusamehe na hawatasamehe, ila wanahudhuria kikao, wanalipa hisa, wanasalimiana na wanalala usingizi. Mwongozaji mzuri huliona hilo kuwa mafanikio kamili. Kumshinikiza mtu asamehe ili mradi uonekane umefaulu ni kumuumiza mara ya pili.

Mbinu ya Byumba imevuka mipaka. Imetumika Burundi, na imerekebishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo walioko Nakivale nchini Uganda na wale waliokuwa katika kambi ya Gihembe, iliyokuwa jirani na Byumba yenyewe. Wengi wa wakimbizi hao ni wasemaji wa Kiswahili, na nchi yao bado iko vitani. Hatua ya usalama, ambayo Byumba ilichukua wiki mbili au tatu, ni ngumu zaidi kwa mtu ambaye habari za vifo humfikia kwa simu kila mwezi. Wanaoendesha vikundi hivyo wanajifunza upya.

Ndani ya Rwanda nako kazi inabadilika. Waliohukumiwa na gacaca vifungo virefu wanaendelea kutoka gerezani, wakiwa wazee, wanakuta mashamba yamegawanywa, watoto wasiowajua na vijana waliozaliwa baada ya 1994 wanaouliza maswali ambayo wazazi wao waliyakwepa. Manusura waliozoea mlima usio na watu hao wanawaona wakirudi. Waongozaji wa zamani wamezeeka, na baadhi wamefariki. Mashirika na makanisa yanayopanga bajeti za maafa mapya kwingineko yasiifunge kazi hii kwa hoja kwamba miaka 30 imepita. Kwa familia inayomsubiri mfungwa wake mwaka huu, na kwa mjane anayeishi jirani nayo, wiki ya kwanza ya duara bado haijaanza.